Mfuko wa Kushoto

Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma, wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa mama mmoja wa Likoni aliyekaa mashine ya mbele. Mwaka na nusu nilishona mfuko huo huo, na hadi leo ukiniletea kitambaa nikushonee suruali nzima nitakuomba radhi.

Kiwanda chetu kilikuwa cha EPZ, yaani eneo la viwanda vya kuuza nje, upande wa Changamwe, Mombasa. Jinzi zote zilikwenda Marekani bila kutozwa ushuru, kwa ile sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000. Kitambaa kilishushwa bandari ya Kilindini kutoka Asia, tukakishona, kikarudi Kilindini kupanda meli nyingine. Pamba ya Kenya haikuwamo hata ya kufutia vumbi. Babu yangu, aliyewahi kulima pamba, nilimficha hilo.

Jumatatu moja mapema 2005 tulikuta mashine zimefunikwa. Supavaiza, mtu wa kutufokea tageti kutwa nzima, siku hiyo alikuwa mpole. Upole wake ndio ulionitisha.

"Dada zangu, oda haijaingia. Nendeni nyumbani, tutawapigia simu."

"Utanipigia kwa nambari ipi, baba?" akauliza yule mama wa Likoni. "Nambari yangu unayo?"

Akajitia kutazama karatasi zake. Tukakaa getini hadi adhana ya adhuhuri, ndipo zikaja bahasha. Yangu ilipungua siku mbili. Nilihesabu mara tatu, nikaenda zangu.

Nyumbani mama alikuwa akikuna nazi. Nikamweleza. Akasimamisha mkono juu ya mbuzi.

"Kwani Wamarekani wameacha kuvaa suruali?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata baadaye: tangu 1974 nchi nyingi za Asia, na baadaye China, zilikuwa zikipimiwa kiasi cha nguo za kuuza Marekani na Ulaya, na kipimo hicho kilifutwa tarehe 1 Januari 2005. Baadhi ya matajiri wa viwanda walikuwa wamekuja kwetu kukikwepa. Kilipoondoka, wakafunga virago. Ushuru tuliosamehewa haukutosha kuwashika.

Lakini siku ile nilimwambia tu, "Wanavaa, mama. Wamebadilisha fundi."

"Na huyo fundi mpya anashona suruali nzima?"

"Naye pia atakuwa na mfuko wake."

Mama akacheka, akaendelea kukuna. Kikasi cha kukatia nyuzi, mali ya kiwanda, kilikuwa bado mfukoni mwangu. Sikukirudisha.