Uzoefu wangu: nilivyoyamudu maswali ya kuchambua hoja kwenye GMAT, mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili ya biashara

Kama kuna ushauri ulionipotezea alama, ni ule wa "ukiona neno kali kwenye jibu, litupe". Yaani maneno kama "wote", "kamwe", "pekee". Ushauri huo unafaa zaidi pale swali linapouliza ni jambo gani lazima liwe kweli kutokana na maelezo. Hapo "baadhi" ni salama kuliko "wote", kwa kuwa maelezo yenyewe mara nyingi hayafiki huko. Lakini ukiambiwa udhoofishe hoja au uiimarishe, unatakiwa ulichukulie kila jibu kuwa ni kweli, na jibu zito ndilo linaloitikisa hoja kweli kweli. Ukilitupa kwa sababu ya neno moja, umetupa alama.

Sehemu ya lugha ya GMAT ya sasa ina maswali 23 kwa dakika 45, ya ufahamu na ya hoja tu. Hazifiki dakika 2 kwa swali. Mimi huanza na swali lililo chini ili nijue natafuta nini, ndipo nasoma maelezo na kulisaka hitimisho. Usidhani litakuwa mwishoni. Mara nyingi limekaa katikati, limefuatwa na "kwani" na ushahidi wake. Kabla ya kuyaangalia majibu matano, najiuliza: kutoka ushahidi hadi hitimisho, mwandishi ameruka nini?

Chukua hoja hii. Mji umepunguza nauli za mabasi, na mwaka uliofuata abiria wakaongezeka kwa asilimia 20. Kwa hiyo punguzo ndilo lililowaleta. Swali: hoja inategemea dhana gani, yaani jambo gani ambalo halikusemwa lakini lazima liwe kweli ili hoja isimame? Umebaki na majibu mawili. La kwanza, basi ndilo usafiri wa bei nafuu kuliko wote mjini. La pili, ongezeko hilo halikutokana na kupanda kwa bei ya petroli. La kwanza linavutia sana maana linataja bei, na hoja ni ya bei.

Dawa yake ni kulikanusha kila moja. Basi si usafiri wa bei nafuu kuliko wote: sawa, huenda baiskeli ni nafuu zaidi, lakini punguzo bado linaweza kuwa ndilo lililoleta abiria. Hoja imesimama, jibu hilo si dhana. Sasa la pili: ongezeko lilitokana na petroli kupanda bei. Hoja imeanguka chali. Hilo ndilo jibu. Napenda mbinu hii kuliko zote, maana inamaliza ubishi kichwani kwa sekunde chache.

Ila ukanushe sawasawa. Kinyume cha "wote walifika" ni "si wote waliofika", yaani hata akikosekana mmoja inatosha. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuwe makini hapa, kwa sababu tukisema "wote hawakufika" msikilizaji anaelewa hakufika hata mmoja, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kinyume cha "baadhi walifika" ndicho "hakufika hata mmoja". Na usiitumie mbinu hii kwenye maswali ya kuimarisha hoja. Jibu linaweza kuiimarisha hoja bila kuwa la lazima kwake.

Hoja za asilimia nazo zina mtego wao. Ajali za usiku ni asilimia 30 tu ya ajali zote, kwa hiyo usiku ni salama zaidi? Uliza kwanza ni magari mangapi hutembea usiku. Yakiwa asilimia 10 ya magari yote, usiku ndio hatari zaidi.

Kwenye maswali ya mambo mawili yanayoonekana kupingana, jibu sahihi huyaacha yote mawili yakiwa kweli na kueleza yanavyoweza kukaa pamoja. Linalokanusha mojawapo, achana nalo.

Nikikwama kati ya majibu mawili hata baada ya kukanusha, nachagua moja, naliwekea swali alama na kuendelea. Mtihani unaruhusu kubadilisha hadi majibu 3 katika kila sehemu muda ukibaki, lakini usipoimaliza sehemu unakatwa alama. Kwa hiyo dakika ya tatu kwenye swali moja siitoi kamwe.