Kalamu kwenye kiganja cha Bibi

Juzi binti yangu aligonga kiwiko kwenye ukingo wa meza, akalia kwamba umeme umempita hadi kidole cha mwisho, kisha akataka kujua kwa nini kidole kinauma ilhali kilichogongwa ni kiwiko. Nilimweleza kwamba nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, neva ya alna, mshipa wa fahamu wa mkono, hupita karibu kabisa na ngozi, na kwamba ubongo huipokea taarifa yake kana kwamba imetoka kule neva inakohudumia, yaani kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Mimi neva hiyo niliijua kupitia mkono wa Bibi wa Lindi.

Bibi alikuwa akiepua sufuria mekoni bila kitambaa, na sisi wajukuu tulimsifu kwa hilo. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alipofika kwenye zahanati ya kijiji, mama mdogo alimpeleka Bibi kwa ajili ya mabaka yaliyopauka mgongoni na mikononi, nami nikafuatana nao.

Mratibu alimwamkia, akamkalisha karibu na dirisha, akaulaza mkono wake juu ya meza, kiganja kikiangalia juu. “Bibi, ukiwa umefumba macho, nitakugusa kidogo kwa ncha ya kalamu, nikikugusa, nionyeshe mahali penyewe kwa kidole cha mkono wa pili.” Alimgusa chini ya kidole gumba, Bibi akaonyesha papo hapo. Akamgusa katikati ya kiganja, akaonyesha tena. Kisha kalamu ikahamia upande wa kidole kidogo, ikabonyeza ngozi hata nikaona kishimo, nacho kidole cha Bibi hakikusogea. Akagusa pembeni kidogo, akagusa ncha, akarudia. Nilimtazama Bibi usoni: alikuwa ametulia, akingoja kwa subira ya mtu anayetii maagizo. Hatimaye akasema, macho bado kayafumba, “Mwanangu, mbona umeacha?”

Miaka mingi baadaye nilielewa kilichokuwa kimetokea. Kila seli ya neva inayohisi mguso wa kidole hicho ina kiini chake shingoni, pembeni mwa uti wa mgongo, na kutoka hapo hunyoosha uzi mmoja mwembamba mno hadi kwenye ncha ya kidole. Ngozi ikiguswa, vilango hufunguka kwenye utando wa uzi huo, chembe za sodiamu zenye chaji huingia, na badiliko hilo la umeme husafiri kuelekea juu, likienda kasi zaidi pale ambapo seli za Schwann zimeuviringishia uzi tabaka la mafuta. Bakteria wa ukoma huingia ndani ya seli hizo hizo za Schwann. Hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, ndiyo maana neva iliyo karibu na ngozi pale kiwikoni hushambuliwa mara nyingi, nao huzaliana polepole mno, wakijigawa mara moja kwa takriban wiki 2.

Mratibu alipapasa kiwiko, akaikuta neva imenenepa, kisha akauliza ganzi ilianza lini, kwa kuwa neva iliyodhurika ndani ya miezi 6 iliyopita huweza kurejea kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Swali hilo lilitushinda sote. Mama mdogo alitaja misiba na misimu ya korosho, lakini hakuna aliyekumbuka siku Bibi alipoacha kushika kitambaa.

Alipewa dawa mseto bure kwa miezi 12, akazimaliza, akapona ukoma. Hisia ya vile vidole haikurudi. Alifundishwa kuikagua mikono yake kila jioni ili macho yafanye kazi ambayo neva ilikuwa ikiifanya bila kuombwa. Mpaka leo sijaamua kama ilikuwa haki kumhurumia kwa maumivu aliyoyakosa, maana mwenyewe alishikilia kwamba hakuna kilichompungukia, na kila tulipomtangulia kuepua sufuria alikasirika.