Walioambiwa Wangoje: Siku Moja Fenway Park

Besiboli siyo iliyonipeleka Boston. Nilikwenda kukanyaga Boylston Street, mahali ambapo Juma Ikangaa aliikosa marathoni ya mwaka 1988 kwa sekunde moja. Baba amenisimulia mbio hizo tangu sijaanza shule: Ibrahim Hussein wa Kenya alitumia saa mbili, dakika 8 na sekunde 43, na Ikangaa wetu wa Tanzania sekunde 44. Mwaka 1989 akawa wa pili tena, na 1990 vivyo hivyo. Kwa hiyo niliposhuka kwenye treni kituo cha Back Bay, asubuhi ya Aprili yenye baridi, nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari uliochorwa barabarani, nikapiga picha, nikamtumia mzee.

Dada wa Kitanga niliyefikia kwake alikuwa ameniagiza jambo. "Mdogo wangu, ukimaliza hapo tembea kinyumenyume, njia ile ile waliyojia wakimbiaji, mpaka Kenmore. Nyuma ya Kenmore kuna uwanja wa besiboli. Ingia, usipite tu."

Nikafanya hivyo. Hereford Street, kisha Commonwealth Avenue na miti yake, hadi Kenmore Square, wakimbiaji wanapobakiza maili moja. Nikavuka daraja la juu ya barabara kuu, na Fenway Park ikajitokeza: jengo la matofali, dogo kuliko nilivyolitarajia, lililofunguliwa mwaka 1912. Mtaa wa mbele yake unaitwa Jersey Street. Kuanzia 1977 hadi 2018 uliitwa Yawkey Way, kwa heshima ya Tom Yawkey aliyeimiliki Red Sox, timu ya besiboli yenye uwanja huu, tangu 1933 hadi alipofariki mwaka 1976. Jina lilirudishwa la zamani baada ya wamiliki wa sasa kuiomba serikali ya mji. Sababu waliitaja waziwazi: wakati wa Yawkey, Red Sox ilikuwa timu ya mwisho kati ya 16 za ligi kuu kumchezesha mtu mweusi.

Nililipia ziara ya kutembezwa ndani. Tulikaa kwenye viti vya mbao vya rangi ya buluu, vyembamba kiasi kwamba magoti yangu yaligusa kiti cha mbele, na mbele yetu ukuta wa kijani wa upande wa kushoto, mrefu zaidi ya mita 11. Wageni wengine walikuwa wakiupiga picha ukuta. Mimi macho yangu yaliganda kulia, juu kabisa, zilikotundikwa namba za wachezaji wanaoenziwa. Zote ni nyekundu isipokuwa moja. Namba 42 ni ya buluu. Ni ya Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua mlango wa ligi kuu.

Robinson hakuichezea Red Sox hata siku moja. Ligi nzima iliistaafisha namba yake mwaka 1997, yaani asipewe tena mchezaji mwingine, ndiyo maana ipo. Ila kwenye majani yale yale niliyokuwa nikiyatazama, aliwahi kukimbia, kudaka na kupiga, akiomba kazi.

Ilikuwa Aprili 16, 1945. Wakati huo besiboli ya kulipwa Jumapili mjini Boston ilihitaji kibali cha baraza la mji, na diwani mmoja, Isadore Muchnick, alitishia kukizuia kama timu zisingewapa watu weusi nafasi ya kujaribiwa. Mwandishi Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier akawaleta vijana watatu: Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams. Walifika, wakasubirishwa siku kadhaa hotelini. Rais Roosevelt akafariki katikati ya kungoja kwao. Hatimaye wakaingizwa uwanjani, viti vitupu, makocha wakitazama. Wakafanya kila walichoambiwa. Wakaambiwa watapewa taarifa.

Taarifa haikuja. Kila aliyewahi kuacha barua ya maombi mapokezini anaijua sauti ya maneno yale, na mimi nimeingoja simu ya ofisi moja kwa miezi saba, nikiichaji betri kila usiku. Lakini mimi nilikosa kazi tu. Wale watatu kazi waliiweza, na waliowatazama waliona kwamba wanaiweza.

Na wawili wao walilithibitisha hilo mapema. Robinson aliingia ligi kuu na Brooklyn Dodgers Aprili 15, 1947, na mwaka 1949 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Jethroe akachukuliwa na Boston Braves, timu ya pili ya mji huo huo, na mwaka 1950 akawa mchezaji mpya bora akiwa na miaka zaidi ya 30. Hapo ndipo ninapokataa maelezo kwamba Red Sox hawakuona mweusi aliyefaa. Willie Mays, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alikuwa akicheza na Black Barons, timu ya watu weusi huko Birmingham, Alabama, kwenye uwanja ule ule uliotumiwa na timu ya ngazi ya chini ya Red Sox. Alikuwa uani kwao. Wakamwacha, New York Giants wakamsajili mwaka 1950.

Gharama yake waliilipa papo hapo, mbele ya mashabiki wao. Mwaka 1948 walilingana na Cleveland kileleni kwa idadi ya ushindi, ikabidi mechi moja ya kuamua, hapa hapa Fenway. Cleveland walishinda 8 kwa 3, wakiwa na Larry Doby, mweusi wa kwanza katika American League, ile nusu ya ligi kuu waliyomo Red Sox. Baada ya hapo wakaendelea kungoja kwa miaka 11.

Aliyeufungua mlango aliitwa Elijah Green, wote wakimwita Pumpsie. Kwenye mazoezi ya mwaka 1959 huko Scottsdale, Arizona, hakuruhusiwa kulala hoteli moja na wenzake. Alilazwa Phoenix, peke yake. Alicheza vizuri, wakamrudisha timu ya chini ya Minneapolis. Watu wakaandamana, tume ya jimbo ya kupinga ubaguzi ikafungua uchunguzi, na kocha Pinky Higgins akafukuzwa mwanzoni mwa Julai. Julai 21, mjini Chicago, Green aliingizwa uwanjani kukimbia badala ya mwenzake. Wiki moja baadaye akafuata Earl Wilson, mrushaji.

Agosti 4 Green alicheza Fenway kwa mara ya kwanza, akiwa mpigaji wa kwanza wa timu yake. Watu walisimama kumshangilia. Akaupiga mpira hadi kwenye ukuta wa kijani na kukimbia mpaka kituo cha tatu kati ya vinne.

Nilimuuliza mzee aliyetutembeza namba ya Green ni ipi. "Kumi na mbili," akasema, na akaeleza kwamba haijatundikwa juu. Kisha akanionyesha ubao wa matokeo chini ya ukuta, penye mistari myeupe yenye nukta na vistari. Ni herufi za Morse, zile za simu za kale za nukta na vistari: vifupisho vya majina ya Tom Yawkey na mkewe.

Usiku mzee wangu akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Picha nimeiona. Na huko kwingine ulikokwenda?"

Nikamsimulia yote, polepole, maana besiboli haijui. Alinyamaza mpaka nilipofika kwa wale watatu wa 1945.

"Ikangaa alishindwa kwa sekunde," akasema, "lakini alikimbia."

Kisha akauliza Pumpsie Green bado yu hai. Nikamwambia alifariki Julai 2019, akiwa na miaka 85. Akaniomba nimtafutie picha yake, aiweke karibu na ile ya Boylston Street.