Kuhifadhi maepo ya bustanini: kazi ya kutovundika

Aisee, sisi tuliokulia Tanga tunajua kuvundika tu. Mkungu wa ndizi unakatwa mbichi, unafunikwa na majani, baada ya siku kadhaa mnakula, kwisha habari. Sasa huku Nottingham, Uingereza, nyumba tuliyohamia ina mti mkubwa wa epo kwa nyuma, aina ya Bramley, na kazi imegeuka kabisa, natakiwa nizuie matunda yasiive mpaka mwezi wa tatu. (Shangazi nikimwambia nina matufaha anadhani yale matofaa mekundu ya maji maji, nimeacha kumrekebisha.)

Bramley kwao ni Southwell, hapa hapa jirani. Mbegu ilipandwa 1809 na binti anaitwa Mary Ann Brailsford, jina likaja kuchukuliwa na muuza nyama aliyenunua ile nyumba baadaye, Matthew Bramley. Ndo hivyo.

Mwaka wa kwanza nilitikisa mti yakadondoka kama mvua, nikajaza kiroba kizima nikasukumia kwenye kabati la jikoni, karibu na hita. Baada ya wiki chache nafungua, harufu ya pombe! Kumbe nilikuwa nayavundika bila kujua. Epo linatoa gesi yake lenyewe, ethilini, ile ile inayoivisha ndizi kwenye majani, na lililoumia au kuanza kuoza ndo linatoa zaidi na kuwaivisha wenzie, halafu mimi nikaongezea joto juu.

Jirani yangu, mzee mmoja hivi, alicheka mpaka akakaa chini, ila akanifundisha. Mwezi wa kumi unalishika epo kwa kiganja, unalinyanyua huku unalizungusha kidogo, likiachia lenyewe limekomaa, likigoma liache hapo hapo. Kikonyo kisitoke. Lililodondoka chini, lenye tundu la mdudu au hata kadoa kadogo, hilo la kula wiki hii, stoo haliendi. Na zile aina za mapema kama Discovery usijisumbue nazo kabisa, hazikai.

Basi kila moja nalivisha gazeti, nalipanga kwenye trei yasigusane, trei zinaingia kibanda cha bustani: giza, hewa inapita, baridi ya nyuzi 3 mpaka 7 hivi. Darini nilijaribu, wapi, mchana joto usiku barafu. Usiku ikishuka chini ya sifuri natupia blanketi kuukuu juu. Panya ndo ugomvi wetu wa kila mwaka, nimeziba kila upenyo kwa wavu wa chuma na bado kuna mmoja anajua njia. Kitu kingine, yananyonya harufu vibaya mno, mwaka juzi niliyaweka pembeni ya dumu la petroli ya mashine ya kukatia majani na pai ya Krismasi ikaliwa na mgeni mmoja tu, mwenye mafua.

Kila Jumamosi nafunua moja moja nabonyeza, mke wangu anasema nayasalimia. Laini linatoka, la kwanza kabisa wanalichukua watoto, wanalikata na chumvi na pilipili kama embe bichi maana Bramley ni kali balaa.

Leo nimehesabu, yamebaki 14. Mawili yameanza kulegea.