Kuatamisha kuku wa kienyeji na kuwavusha vifaranga salama: ninavyofanya mimi

Ukimwachia tetea wa kienyeji achague mwenyewe pa kuatamia, atakwenda chini ya mkorosho, nyuma ya rundo la makuti au kwenye kibanda cha kuni. Anatafuta giza na utulivu, na huko huko ndiko wanakopita nguchiro, kenge na siafu. Ndiyo maana kwangu kuatamisha na ulinzi ni kazi moja. Mwenye vifaranga wengi si yule mwenye kuku wengi wanaoatamia, ni yule anayewafikisha wiki ya nne. Nafuga upande wa Mkuranga, mkoa wa Pwani, kwa hiyo adui ninaowataja ni wa huku, ila namna ya kuwazuia haitofautiani sana na kwingine.

Kuku aliyeanza kuatamia utamjua usiku. Wenzake wanapanda kichanjani, yeye anabaki kiotani. Ukimsogelea anatutumua manyoya, ananguruma na kudonoa mkono, na ukimgusa chini ya kifua utakuta amejinyonyoa. Simpi mayai siku hiyo. Nampa vijiwe laini vyenye umbo la yai, na baada ya usiku mbili tatu najua kama ametulia au alikuwa anajaribu tu. Kama yuko mahali pabaya namhamisha usiku, saa mbili au saa tatu, bila kummulika usoni, mikono yote miwili ikiwa chini ya kifua chake. Ukimhamisha mchana atarudi pale pale alikotoka.

Aliyetangulia namwacha juu ya vijiwe hadi wenzake wawili au watatu waanze, halafu wote wanapewa mayai jioni moja. Kusubiri wiki moja hakumdhuru mradi anakula. Zaidi ya hapo anakonda, na bado ana siku 21 mbele yake. Faida ya kuwaanzisha pamoja inaonekana siku ya kuangua: vifaranga wa kuku watatu wanaweza kulelewa na mmoja au wawili, na aliyebaki akarudi kutaga.

Kiota changu ni sanduku la mabanzi, upana na urefu sentimita 35, nyuma kimo cha 30, mbele kizingiti cha 12 hivi ili mayai yasibingirike nje. Chini naweka udongo mkavu wa kichanga, unene wa sentimita 5, nabonyeza katikati kupata kishimo kidogo, kisha nyasi kavu au maranda. Kishimo hicho msikidharau. Kikiwa kirefu mayai yanapandana na kuvunjana. Kisipokuwepo yanatambaa pembeni na kupoa. Kati ya udongo na nyasi natandaza majani makavu ya mwarobaini au tumbaku kwa ajili ya utitiri na viroboto. Kuku mwenyewe anapakwa dawa ya unga ya wadudu wa kuku chini ya mabawa na kuzunguka mkundu kabla hajapewa mayai. Vifaranga wakishaanguliwa dawa hiyo haiguswi tena. Wengi wanasema kuku fulani ana tabia ya kuacha mayai siku ya 15 au 16. Mara nyingi tabia hiyo ni utitiri. Inua nyasi uangalie: ukiona vumbi jekundu linatembea, umempata mhusika.

Mayai ya kuatamisha nayakusanya kila siku na kuyaweka chumba cha ndani chenye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini, kila moja likiandikwa tarehe kwa penseli. Yasizidi siku 7. Siku 10 ndiyo mwisho wangu. Hayawekwi kwenye friji na hayaoshwi, kwa sababu maji huondoa utando unaokinga vinyweleo vya ganda na uchafu hupenya ndani. Lenye kinyesi kidogo nalifuta kwa kitambaa kikavu, lililochafuka sana linakwenda jikoni pamoja na yenye ufa, madogo mno na yale makubwa ya viini viwili. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10, na abadilishwe kabla hajaanza kupanda watoto wake mwenyewe.

Idadi ni 10 kwa kuku mdogo, 12 au 13 kwa mwenye mwili. Kipimo cha kweli ni macho: akishakaa na kujipanua, yai lisionekane pembeni. Tamaa ya kuongeza mawili matatu inaharibu mengi zaidi ya hayo, kwa kuwa kuku huyageuza mayai na kuyabadilishia nafasi, basi kila yai linapata zamu yake ya kukaa nje kwenye baridi. Mwezi wa Juni na Julai napunguza mawili. Mayai yote nayachorea mstari wa penseli kuyazunguka. Kuku wengine hupenda kuja kutaga kwenye kiota cha anayeatamia, na yai lisilo na mstari linatolewa jioni hiyo hiyo. Likibaki litakuwa nyuma kwa siku kadhaa, na mama ataondoka na vifaranga wake likiwa bado halijakomaa.

Anapoatamia, kuku hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, kula, kunywa, kuoga vumbi na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Hicho ni cha kawaida, si ugonjwa. Namwekea mahindi au mtama mzima, kwani nafaka nzima inakaa tumboni muda mrefu kuliko pumba, na maji hatua mbili tatu kutoka kiotani. Usiviweke ndani ya kiota: vitavutia panya na kulowesha nyasi. Asiyetoka kabisa siku mbili mfululizo namtoa mwenyewe, nikihakikisha kwanza hakuna yai lililonaswa kwenye bawa.

Siku ya 7 napima mayai usiku. Tochi ya simu na kipande cha boksi gumu kilichotobolewa tundu dogo kuliko yai vinatosha. Yai zima linaonyesha doa jeusi lenye mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Linalopitisha mwanga wote halina mbegu. Lenye duara jekundu limekufa mapema. Ya aina hizi mbili natoa, na kama kuku watatu wamebaki na mayai machache nawaunganishia wawili, wa tatu anapewa mayai mapya au anarudi kundini. Narudia siku ya 14. Hapo yai hai ni jeusi karibu lote, limebaki na nafasi ya hewa upande mnene. Viza likiachwa linaweza kupasuka na kupaka uozo mengine yote. Kuanzia siku ya 18 sigusi tena.

Kuangua huanza siku ya 20 au 21. Kutoka ufa wa kwanza hadi kifaranga kutoka kunaweza kuchukua siku nzima, na wengi huua hapa kwa kumenya ganda wakidhani wanasaidia. Mishipa bado ina damu na kiini hakijaingia tumboni. Mimi natoa maganda matupu tu. Kifaranga ana akiba ya kiini inayomtosha siku mbili hivi, kwa hiyo hakuna haraka ya chakula. Maji ndiyo ya kwanza, kwenye kifuniko chenye kokoto ili asizame.

Kuwagawa nafanya usiku huo huo au unaofuata: wale wa kuku anayeachishwa nawasukumiza taratibu chini ya mlezi, mmoja mmoja gizani. Ndani ya siku mbili za kwanza hupokea bila ubishi. Wakizidi hapo atawatambua wageni na kuwadonoa kichwani. Kuku mmoja hulea 15 hadi 20 kipindi cha joto, pungufu wakati wa baridi. Yule aliyeachishwa anawekwa siku chache kwenye tundu lenye sakafu ya fito, hewa ikipita chini, bila nyasi yoyote, na chakula kizuri. Tumbo likipoa hamu ya kuatamia inaisha.

Sasa ulinzi. Mama na vifaranga wanakaa kwenye kizimba chao, si kwenye banda kubwa. Changu kina urefu wa sentimita 120, upana 60, kimo 50. Nusu imefungwa kwa mbao na bati, nusu ni wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, chini pia. Ule wavu mwepesi wa pembe sita unaouzwa kama wavu wa kuku unazuia kuku kutoka, hauzuii adui kuingia: panya anapita, paka anaingiza mkono, kicheche anauchana ukishapata kutu. Sehemu ya mbao natandika maranda na kuyabadilisha yakilowa, maana tandiko bichi ndilo linaloleta kuhara damu. Chakula ni cha vifaranga cha dukani wiki mbili za mwanzo, kisha nachanganya na chenga za mahindi, dagaa waliosagwa na mchwa ninaowatega kwa chungu kilichojazwa samadi na mabua yenye unyevu, kikafunikwa juu ya njia yao jioni na kufunuliwa alfajiri. Chanjo ya kideri (mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku) aina ya I-2, tone moja jichoni, napiga wiki ya kwanza, narudia wiki ya nne, halafu kila miezi 3. Kideri hakina tofauti na kicheche: kikiingia kinafagia.

Kabla ya kuziba tundu, jua nani alipita. Vifaranga wakipungua mchana bila damu wala manyoya, tazama juu: mwewe au kunguru. Mayai yote yakitoweka bila hata ganda, fikiria nyoka au kenge. Maganda yaliyotafunwa kingo na kuburutwa pembeni ni panya. Maganda yaliyopasuliwa karibu na jiwe au gogo ni nguchiro, ambaye hutupa yai nyuma kati ya miguu mpaka livunjike, na huyu huja mchana. Kuku kadhaa waliokufa usiku mmoja, wameng'atwa shingo na kuliwa kidogo tu, hiyo ni kazi ya kicheche au kanu. Kifaranga aliyekutwa hana kichwa karibu na wavu alivutwa kupitia matundu.

Kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani yote, kwangu ni wabaya kuliko mwewe. Mwewe hushuka mara moja na kuondoka. Kunguru hukaa kwenye mnazi wakisoma ratiba yako, kisha mmoja anamchokoza mama kwa nyuma huku mwingine ananyakua. Usitupe utumbo wa samaki wala makombo ya ugali uani, na usiwalishe vifaranga uwanjani peupe. Wa kwangu wanatoka wakiwa na wiki mbili kwenda kwenye ua mdogo uliofunikwa nyavu kuukuu za wavuvi, zilizovutwa kwa nguvu kwenye mirunda yenye kimo cha mtu. Nyavu zikining'inia zinanasa miguu ya kuku. Asiye na nyavu akaze kamba za mshipi juu kwa juu, nafasi ya nusu mita, na aache vichaka vya kukimbilia. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau. Inasaidia kwa muda, mpaka ndege wanapozoea. Kanga wawili watatu kundini wana faida zaidi, kwa makelele yao.

Siafu wanahitaji neno la peke yake kwa sababu kuku anayeatamia hakimbii. Anang'ang'ania mayai hadi anauawa. Miguu ya kizimba inasimama ndani ya makopo yenye oili chafu, vimo vya kutosha mvua isiyajaze. Kosa linalofanya makopo yasisaidie ni jani moja la nyasi au kamba inayogusa kizimba kutoka pembeni: hilo ni daraja. Nafyeka nusu mita kuzunguka na kumwaga majivu makavu, na baada ya mvua kubwa namwaga mapya, kwa kuwa siafu hupenda kuhama wakati huo.

Banda kubwa limeinuliwa mita moja, kila nguzo imevikwa bati laini la sentimita 40 kuzuia panya na nyoka kupanda. Mabanda yaliyo chini yapate wavu uliofukiwa sentimita 30 na kukunjwa kuelekea nje, maana kicheche huchimba pale ukuta unapoanzia, akikuta wavu hafikirii kurudi nyuma hatua moja. Watu huziba chini wakasahau pengo kati ya ukuta na paa, ambalo kanu na paka shume wanalitumia kila siku. Mlango ufungwe kabla ya magharibi kwa komeo linalozungushwa, si kwa kamba. Na kabla ya kuingiza mkono kiotani, mulika. Swila anakula mayai na vifaranga, na anapenda giza hilo hilo.

Sumu kwenye nyama situmii wala sishauri. Anayeila kwanza ni mbwa wa jirani.

Wiki ya nne hadi ya sita mama anatenganishwa. Vifaranga nawaacha kizimbani wiki nyingine bila yeye, kisha nahamisha kizimba chenyewe hadi ndani ya banda kubwa, wakae wakionana na wakubwa siku kadhaa kabla sijafungua. Ukiwafungulia moja kwa moja watarudi kulala pale kizimba kilipokuwa, nje, hivyo jioni za mwanzo wahesabu kabla ya kufunga mlango na uwafuate wasiorudi. Nawawekea fito za kulalia sentimita 40 tu kutoka sakafuni, upande wa mbali na majogoo.