Banda la kuku la Bigwa

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 ziliendelea kuinyeshea Morogoro hadi mwaka uliofuata, na zilipopungua zilituachia majani yaliyofika kiunoni, mahindi yaliyojiotea kando ya njia, na panya. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, nikiishi kwa shangazi yangu huko Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kipo katika mji huohuo, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi panya shamba wanavyoongezeka kwa kufuata mvua. Sisi tuliliona jambo hilo kwenye gunia la pumba, lililotobolewa pembe zote, na kwenye mavi meusi yaliyotapakaa juu ya chakula tulichokuwa tukiwapa kuku.

Ada yangu ya shule ilitoka katika banda lile. Shangazi alifuga kuku wa kienyeji, akauza mayai kwa majirani na majogoo sokoni kila ilipokaribia sikukuu, na hakuna mtu aliyewajua kuku wake kama yeye. Banda lenyewe lilikuwa la miti iliyokandikwa udongo, limeezekwa bati, na dirisha lake lilifungwa ule waya mwepesi wenye matundu ya pembe sita ambao kila mtu hununua kwa ajili ya kuku. Kwa miaka mingi lilitosha. Mwewe alisumbua vifaranga mchana, siafu walipita mara mojamoja wakazuiwa kwa majivu ya moto, na kideri kilizuiwa kwa chanjo. Usiku, mlango ulifungwa kwa komeo, nasi tukalala.

Usiku ninaoukumbuka, makelele yaliamsha nyumba nzima, lakini hayakudumu. Shangazi alitoka na kurunzi nami nikamfuata nikiwa na fimbo, na tulipofungua mlango wa banda kulikuwa na manyoya yakielea hewani na harufu kali ambayo sikuwahi kuinusa kabla. Zaidi ya nusu ya kuku walikuwa wamekufa. Wengi wao hawakuliwa kabisa: walikuwa wameumwa shingoni na kuachwa pale walipoanguka, na ni matetea wawili tu waliokosa vichwa, mmoja wao akiwa ameliwa na kifua. Tetea mweupe aliyekuwa akiatamia alikutwa juu ya mayai yake, mabawa yamefunguka. Shangazi alimnyanyua taratibu, akayagusa mayai moja baada ya jingine kuona kama bado yana joto, kisha akanituma nikalete tenga.

Asubuhi majirani walikuja kutoa pole, na kila mmoja alikuwa na mhalifu wake. Wengine walisema ni kicheche, jina ambalo kwetu hupewa karibu kila mnyama anayeiba kuku usiku. Wengine wakasema ni paka shume. Kijana mmoja alileta sumu ya panya, akashauri ichanganywe na dagaa na kuwekwa kuzunguka banda, ili mnyama huyo afe pamoja na panya wote. Shangazi alimshukuru, lakini alikataa kabisa.

"Kuku hudonoa panya aliyekufa, mwanangu," alimwambia. "Paka wa jirani atamla, na bundi wa pale kwenye mwembe atamla pia. Nitakuwa nimewaua wanaonisaidia."

Lilikuwa jambo la kijasiri kumtaja bundi mbele za watu, kwa kuwa wengi wanamwona ni uchuro na humfukuza kwa mawe. Mpaka leo naamini shangazi alikuwa na haki, kwa sababu bundi mmoja hula panya wengi mno, na sumu haichagui tumbo la kuingia.

Jioni ile alichukua majivu ya jikoni, akayapepeta kwa chekeche mpaka yakawa laini kama unga, akayanyunyiza kuzunguka banda lote na juu ya kizingiti. Kuku waliobaki walilala jikoni. Kulipokucha tulichuchumaa pamoja juu ya majivu hayo, naye akanionyesha kwa ncha ya kijiti. Kando ya ukuta kulikuwa na njia nyembamba ya vijinyayo vidogo sana, na katikati yake mstari uliochorwa na mkia. Njia hiyo ilipotelea chini ya ukuta, mahali ambapo udongo ulikuwa umechimbuliwa. Mahali hapohapo zilifika nyayo nyingine, za duara, zisizo na alama za kucha. Nguchiro angeacha alama za kucha zake ndefu, tena nguchiro wengi hutembea mchana. Mbwa naye huacha kucha. Paka tulimwondoa katika hesabu baada ya kukuta, kwenye ukingo wa tundu, manyoya ya kijivu na mafupi yenye madoa meusi. Alikuwa kanu, mnyama mdogo wa porini anayefanana na paka. Alikuwa ameteremkia tawi la mwembe lililoinama juu ya paa, na alipofika chini alikuta kazi imekwisha kufanywa: panya walikuwa wameulegeza udongo wa msingi kwa wiki nyingi, na yeye akapanua tu.

Shangazi alimwita fundi seremala, mzee wa Kiluguru aliyekuwa akiishi jirani na kanisa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakusema neno mpaka alipomaliza kulizunguka banda. Alichomoa penseli yake kutoka sikioni na kuanza kuiingiza katika kila ufa: pale udongo ulipobanduka kwenye mti, chini ya mlango, kwenye pembe ambapo bati lilikutana na boriti. Kila ilipopita, alichora alama ya msalaba kwa mkaa. Alipomaliza, banda lilikuwa limejaa misalaba.

"Inapopita penseli hii, panya mdogo anapita," alisema. "Tukimwacha yeye, nyoka atamfuata, na kanu atarudi. Tuanze na huyu mdogo."

Kazi ilianzia chini. Tulichimba mfereji wa kina cha futi moja kuzunguka banda, tukashusha humo wavu wa chuma mgumu, kisha tukaukunja uelekee nje kwa futi nyingine ili mnyama yeyote anayechimba pembeni mwa ukuta akutane na chuma. Juu yake tulirudishia mawe na udongo. Sehemu ya chini ya kuta, mpaka usawa wa goti, fundi aliifunga wavu wa matundu ya robo inchi, kwa maelezo kwamba nusu inchi humzuia kanu na panya mkubwa lakini panya mdogo huupenya. Robo inchi ulikuwa ghali, kwa hiyo ulitumika pale tu panya wanapopita zaidi. Dirisha lilivuliwa waya wake wa zamani, ambao fundi aliurarua mbele yetu kwa mikono mitupu, likawekwa wavu wa nusu inchi uliobanwa kwa mbao na misumari. Nyufa zilizibwa kwa saruji iliyochanganywa na vigae vya chupa. Chini ya mlango alipigilia kipande cha bati, na tawi la mwembe likakatwa, bila kugusa lile la upande wa pili alipokaa bundi.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni yangu, hayakuhitaji fundi. Gunia la pumba lilihamishiwa ndani ya pipa la chuma lenye mfuniko, kuku wakalishwa asubuhi na alasiri kwa kiasi wanachokimaliza, na kabla ya giza nilifagia punje zote zilizobaki. Majani yalifyekwa hatua kadhaa kutoka ukutani, maana panya hapendi kuvuka mahali peupe.

Tuliendelea kunyunyiza majivu. Nyayo za duara zilirudi. Zilizunguka banda, zikasimama pale palipokuwa na tundu, na udongo ulikuwa umeparuliwa mpaka waya ukaonekana. Kisha zikaelekea mtoni. Njia za panya zilipungua, zikabaki upande wa jikoni, ambako paka alizishughulikia.

Mayai ya tetea mweupe yaliwekwa chini ya tetea mwingine, na baadhi yalianguliwa. Kabla ya mwaka kwisha banda lilijaa tena, ada ya kidato cha tatu ikalipwa, na yule kijana aliyeleta sumu alikuja kuomba kipande cha wavu kilichobaki, pamoja na kuelekezwa nyumbani kwa fundi.