Ami, mjukuu wake na Python

Wanafunzi wangu wawili hapa Wete, Pemba, hawafanani kwa lolote. Mmoja ni ami yangu, mwenye mikarafuu yake na daftari lililochakaa. Mwengine ni mjukuu wake wa darasa la sita. Wote walitaka kujua kuandika programu, na laptopu ni moja, kwa hiyo ilibidi nipate lugha ya programu itakayomfaa mzee na mtoto kwa pamoja.

Kwanza niliifikiria Scratch ya MIT, chuo kikuu cha Marekani. Ipo tangu 2007, unaburuta vipande vya rangi na kuvipachika, na kwa mtoto wa miaka minane sijaona mfano wake. Lakini ami hakuja kumchezesha paka kwenye skrini. Alikuja na hesabu za wachumaji.

Nikaenda na Python. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye ABC, lugha iliyoundwa kwa ajili ya wanaoanza, na wepesi huo unaonekana. Huhangaiki na nukta mkato mwisho wa kila mstari. Ukitaka neno litokee kwenye skrini, mstari mmoja unatosha. Niliwawekea Thonny, programu ya kuandikia iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python ndani yake, kwa hiyo ukishaipakua huhitaji bando tena. Kwa sisi hilo si dogo.

Tukaanza na pishi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Programu ikauliza vibaba vya asubuhi, kisha vya jioni, halafu ivijumlishe. Ami akaandika 7, akaandika 5. Ikajibu 75.

"Wee mwanangu, hii itanifilisi!"

Nikamweleza kwamba kinachoandikwa pale Python hukipokea kama maandishi mpaka uiambie ni namba, ndiyo maana imezibandika 7 na 5 ubavu kwa ubavu. Tukazungushia kila jibu int(), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikatoka 12. Baada ya hapo tukagawa kwa 4: alama ya // ikampa pishi kamili, na % ikampa vibaba vinavyobaki: vibaba 14 ni pishi 3 na vibaba 2. Hapo alikaa sawasawa kwenye kiti. Thonny ina namna ya kuendesha programu hatua kwa hatua huku ikikuonesha kila thamani inavyobadilika, na ami aliifuata kwa kidole kama anavyofuata daftari lake. Majina yote aliyaweka kwa Kiswahili: vibaba, pishi, malipo. Python haijali.

Mjukuu hakuwa na haja na malipo ya mtu. Yeye alimpenda kasa (turtle), sehemu ya Python ya kuchorea ambayo asili yake ni lugha ya Logo ya mwaka 1967. Alichora mraba, akamgeuza kasa digrii 10, akachora mwengine, akarudia mara 36.

"Kwa nini thalathini na sita?" ami akauliza.

"Babu, kumi mara thalathini na sita si ndiyo duara zima?"

Wanaosema Python ni rahisi, nadhani wamesahau kwamba makosa yake yote yanasomwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo tulipotumia muda mwingi. Nilibandika karatasi ukutani: NameError, jina hilo halijulikani, SyntaxError, mstari umeandikwa vibaya, IndentationError, tazama nafasi mwanzo wa mstari. Na sharti moja, kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe kwanza. Mtoto alizoea upesi. Ami bado humwita mjukuu wake.

Sasa anataka majina ya wachumaji yahifadhiwe kwenye faili, maana ukifunga programu yote yanapotea. Ndilo somo linalofuata. Daftari amesema haliachi mpaka programu imalize msimu mzima bila kumkosesha hata kibaba, na mimi ningefanya vivyo hivyo.